Umeme umefika kwa mama Newala: tuanze na TV na dishi, au kisima na sakafu?

MtotoWaKitangari

Habari za jioni ndugu zangu, hasa nyie wa kwetu Kusini. Naomba ushauri wa kweli, msinipe wa kunifurahisha.

Mama yangu yuko kijijini upande wa Kitangari, Newala. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati tulipaua mwaka ule korosho ilipokuwa na bei, ila ndani sakafu bado ya udongo, jiko liko nje limeezekwa nyasi, choo cha shimo. Maji anategemea kisima cha kuvunia mvua, mnaijua hali ya kule juu, maji ya chini yako mbali na ya bomba yanatoka kwa kuvizia, sasa kisima chenyewe kimepata ufa na mwaka huu mwezi wa saba tu kilikuwa kimeshakauka, ananunua ndoo. Anaishi na wajukuu, pamoja na mdogo wangu wa mwisho aliyemaliza fomu foo yuko yuko tu hapo nyumbani.

Sasa nguzo zimefika, majirani wanawaka, na sisi tumeshalipia ile 27,000 ya vijijini tunasubiri mita. Wayaringi bado. Mimi na kaka yangu tumechanga, kaka kauza ufuta mwezi wa sita na mimi nikaongezea, ukitoa ada na madeni imebaki kama laki nane. Hapo ndo ubishi ulipoanza. Mdogo wangu na watoto wanataka TV na dishi, wanasema kila jioni wanaenda kukaa mlangoni kwa watu kuangalia tamthilia na kuna siku wanafungiwa mlango. Kaka anasema pesa yote iingie kwenye sakafu, tumwage simenti. Mama mwenyewe nikimuuliza anasema anataka kisima kizibwe na redio, maana ile yake inamaliza betri na imebaki kushika stesheni moja mpaka uizungushie waya. TV hajaitaja hata mara moja.

Mimi niko Mtwara mjini, nimepanga Magomeni, nina TV, nina simu ya tachi, bando la wiki likiisha naunga lingine, kila kinachotokea nchi hii nakijua kabla sijanywa chai. Nikifikiria mama kule na kiredio chake kilichofungwa mpira naona kama nimemwacha nyuma ya dunia. Yani naumia kweli. Ila nikifika kule na kuona anavyopimia maji ya kuoshea vyombo naona TV ni kitu cha aibu kukitaja. Nyie mliopitia hii mlifanyaje? Na je nikinunua TV watoto watasoma kweli au ndo basi?

KijanaWaMangaka

Mkuu nunua TV, usizunguke. Mimi nimekulia Nanyumbu kijijini nyumba haina TV, tulikuwa tunaenda kibanda umiza, unatoa miambili unaangalia mpira, ukimaliza mpira wanaweka muvi, unarudi nyumbani usiku wa manane unapita kwenye mikorosho peke yako, na mle ndani kuna wakubwa wanavuta na wanakunywa uraka. Watoto wa kike ndo kabisa usiseme. Wewe unasema wanakaa mlangoni kwa watu, unajua wanaangalia nini huko? Hujui. TV ikiwa sebuleni kwa mama, mama ndo anashika rimoti, saa tatu anazima wanalala. Kisima kitazibwa tu, pesa ya korosho si inakuja mwezi wa kumi?

Alafu mdogo wako huyo wa fomu foo ukimkalisha kijijini bila kitu chochote atakimbilia Dar au ataanza kuendesha boda ya mtu bila leseni. Kijana anahitaji kuona mambo.

FundiChikongola

Naomba niongee kama mtu wa umeme, maana naona mnajadili TV wakati hata soketi haipo.

Kwanza ile 27,000 inakuletea umeme mpaka kwenye mita, wayaringi ya ndani ni yako mwenyewe na ndo inayowakwamisha watu wengi, unakuta nguzo iko mlangoni na ndani wanawasha koroboi. Kama nyumba ni ndogo ulizia kile kiboksi cha UMETA, Umeme Tayari, kinakuja na soketi, swichi na sehemu ya taa vyote kwenye kiboksi kimoja kinagongwa ukutani, hata nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi inaungwa. Wengi wanafikiri umeme ni wa nyumba ya bati na plasta tu, sio kweli.

Pili hofu ya LUKU, yani umeme wa kulipia kabla. TV ya kisasa ya inchi 32 inakula kama wati 50. Ukiiwasha masaa manne kila siku, mwezi mzima ni uniti kama 6. Mteja mdogo wa D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwahiyo TV na king'amuzi chake havitoki kwenye buku moja kwa mwezi, umeme sio tatizo kabisa. Tatizo ni kifurushi cha king'amuzi. Kifurushi ndo kinaua. Nimefunga madishi mengi kuanzia Nanyamba mpaka Tandahimba, msimu wa korosho yanalipiwa, ikifika mwezi wa pili wa tatu ukipita kwenye nyumba hizo hizo TV imefunikwa kitambaa cha kudarizi, dishi limegeuka sehemu ya kunguru kupumzika. Hapa mjini king'amuzi cha antena kinashika na zile chaneli za bure unaziona hata usipolipia, kijijini mbali na mnara hakishiki, unalazimika dishi. Kwahiyo usihesabu bei ya kununua peke yake, jiulize mwezi wa tatu nani atalipia.

Tatu, mama kama amefika miaka 60 na mita ikaanza kukatwa kodi ya jengo (makato haya yalianza kupitia LUKU mwaka 2021), nyumba anayoishi mzee ina msamaha, mfuatilieni halmashauri. Wengi wanakatwa tu na hawajui.

Nne, msimwage sakafu kabla ya wayaringi kama mnataka bomba zipite chini, mtakuja kubomoa simenti mpya. Na ethi, ule waya wa kuingiza umeme ardhini, wekeni ya kweli, kule juu radi za mwezi wa kumi na mbili hazina huruma.

DadaWaDodoso

Mleta mada nimesoma nikakaa kimya kwanza, maana kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuingia kwenye nyumba za watu na kuuliza maswali ya nyumba na redio. Nimezunguka na madodoso ya kaya Mtwara na Lindi, mjini na vijijini, naomba niandike kwa kirefu mnivumilie.

Watu hawajui kwamba kwenye tafiti kubwa kama ule wa afya na viashiria vya malaria wa 2022, hatuulizi mtu ana mshahara gani ili tujue ana uwezo au hana. Tunaangalia nyumba. Sakafu ni ya nini, paa la nini, ukuta wa nini, maji mnateka wapi, choo cha aina gani mnachangia na nani, mnapikia nini, kuna redio, kuna TV, simu, baiskeli, pikipiki, friji. Vinajumlishwa vyote, ndo kaya inapangwa kwenye makundi matano kuanzia la chini mpaka la juu. Kwahiyo hicho mnachobishana nyie ndugu wawili, sakafu au TV, kwenye karatasi vyote vinamsogeza mama juu. Ila kwenye maisha yake havifanyi kazi moja na kisima.

Sasa la pili ndo nataka mlisikilize. Kuna swali la kaya, mnayo redio? Na kuna swali la mtu, je unasikiliza redio angalau mara moja kwa wiki? Watu wa ofisini wanadhani ni kitu kimoja. Nimekaa na mama mmoja upande wa Nanyamba, ndani kwake redio ipo tena sabufa kubwa yenye taa zinazowaka rangi rangi, nikamuuliza unasikiliza, akaniambia hapana ile ni ya baba yake fulani, akitoka anachomoa waya anaufungia ndani. Nyumba ya tatu kutoka pale hakuna redio kabisa, lakini mama wa pale anajua bei ya mnada wa korosho wa juzi, anajua siku ya kugawa salfa ya kupulizia mikorosho, anajua na habari za bungeni, kwasababu wanaokota korosho pamoja na jirani na jirani ananing'iniza kiredio chake kwenye tawi la mkorosho, wanahama mti na redio inahama. Kile kiredio kidogo cha kuchaji, chenye kitochi mbele na kisola mgongoni, ndo mwalimu wa wanawake wa huku. TV haiwezi kwenda shambani. Na mama wa Newala kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili maisha yake yako shambani, jioni akirudi anapika kwa kuni kwenye jiko la nje, TV iko sebuleni. Ataiangalia saa ngapi? Wataangalia watoto na wanaume waliokaa.

Magazeti ndo usiseme. Ukiuliza unasoma gazeti, kijijini karibu wote wanakwambia hapana, unaweka alama unapita. Lakini kaa nao kidogo utakuta wanajua vichwa vya habari vyote maana asubuhi mtangazaji anavisoma redioni. Gazeti linawafikia kupitia masikio, dodoso halina kiboksi cha kuandika hilo.

Na kuna kitu kinaniuma siku zote. Mahojiano ya wanawake kwenye utafiti ule ni wa miaka 15 mpaka 49. Mama yako akishavuka hapo, nyumba yake tunaiandika, choo chake tunakiandika, ila yeye anasikiliza nini na anataka kujua nini, hatumuulizi. Wewe umemuuliza, na amekujibu. Kisima na redio. Mimi ningekuwa wewe ningeanzia kwenye jibu lake.

Na hilo la kusema mjini tuko mbele naomba nalo tulitazame vizuri. Nimeingia kwenye vyumba vya kupanga hapo hapo Magomeni na Chikongola, chumba kimoja familia nzima, sakafu ya simenti ndio, umeme ndio, TV kubwa ndio inaimba tangu asubuhi, lakini choo kimoja nyumba nzima, LUKU moja mnachangiana, mwenye nyumba kakataza pasi na hita, maji ya kununua kwa dumu. Mama wa chumba kile anakaanga vitumbua barazani huku TV inaongea peke yake ndani, habari anazipata kwenye simu, tena nyingi ni za kutumiwa kwenye magrupu, nani kamtuma hajui. Kijijini mtu anasikiliza redio moja na wanaibishania watu kumi mpaka ukweli unapatikana. Sijui kama huyu wa mjini anajua zaidi, anasikia vingi tu.

MzeeWaNachingwea

Nawasalimu wanangu. Nimefurahi binti wa madodoso alivyosema redio inasikilizwa na watu wengi, maana nyie mmezaliwa mmekuta simu ya mtu mmoja mmoja.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilikuwa inatoa kipindi kila wiki, na sisi vijijini tulikuwa kwenye vikundi, redio moja inawekwa mezani, kiongozi wa kikundi ana kitabu chake, tunasikiliza kipindi mpaka mwisho kisha tunafungua kitabu, tunajadili, malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu, kifua kikuu. Baada ya majadiliano hatukuwa tunaondoka hivi hivi, tunaamua wiki hii tunafanya nini. Tukachimba vyoo. Tukafyeka majani karibu na nyumba, tukafukia madimbwi, visima vikawekewa uzio. Nchi nzima karibu watu milioni 2 walikuwa kwenye vikundi hivyo. Miaka miwili baadae ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Mimi nilikuwa kijana mdogo, choo cha kwanza cha nyumba yetu kilichimbwa kwasababu ya redio, na baba yangu hakujua kusoma hata herufi moja.

Leo naona kila mtu ana spika masikioni, kijana anasikia peke yake, anacheka peke yake. Habari ya kipindupindu inapita redioni, mwenyekiti wa kitongoji kasikia, mama kasikia, hakuna anayemuuliza mwenzake sasa tunafanyaje. Chombo kipo, kikundi ndo kimekufa. Mwanangu wa Kitangari, mnunulie mama yako redio nzuri yenye sauti, aiweke barazani sio chumbani. Majirani watakuja. Hiyo ndo itakuwa shule ya wajukuu wake pia.

KijanaWaMangaka

Shikamoo mzee, nakuheshimu sana, lakini hizo zama zimepita, mtoto wa leo ukimwekea redio barazani anaondoka. Yeye anataka kuona picha. Huko shuleni wenzake wanaongelea katuni na timu ya Namungo kafunga mangapi, yeye yuko kimya, unajua inavyomnyong'onyeza mtoto? Na si burudani tu, kuna vipindi vya kilimo, kuna taarifa ya habari, mtu anaona kabisa mbegu inapandwaje.

MamaLikotwa

Mimi niko Lindi mjini, nimelea watoto na TV ndani na nimelea wadogo zangu kijijini Rondo bila TV, naomba niongee kama mama.

Kijana wa Mangaka una hoja kuhusu vibanda, hilo siwezi kukukatalia, vile vibanda vimeharibu watoto. Lakini hakuna aliyeuliza ndoo za maji anazibeba nani. Mleta mada umesema mama ananunua ndoo. Sawa, siku hela hamna? Siku hiyo anaamshwa mjukuu wa kike alfajiri kabla ya shule, anapanga foleni bombani na dumu, anafika darasani amechoka amechelewa. Wewe unauliza TV itamzuia kusoma, mimi nakuuliza ndoo je. Ukiziba kile kisima umemrudishia mtoto asubuhi yake. Hapo hata ukileta TV mwakani atakuwa na muda wa kuiangalia akiwa ameshafanya homuweki.

Na redio msiidharau. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ya Dar ikakatika huku kwetu upande wa Kilwa, mabasi yamesimama, watu wamekwama njiani na watoto. Umeme ukikatika TV ni kioo tu cha kujiangalia. Wiki moja baadae nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikasumbua nchi nzima, bando tunazo na hazifanyi kazi. Niliyekuwa naye mimi ni redio ya betri jikoni, nashika Mashujaa FM nasikia wapi kumepitika wapi bado. Mama yangu alinipigia ananiuliza mimi wa mjini habari, kumbe yeye anazijua kuliko mimi.

DadaWaDodoso

MamaLikotwa umenena. Niongeze tu kwamba FM inategemea mmekaa wapi. Newala iko ukingoni mwa uwanda, ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde lote la Ruvuma chini, kwahiyo mawimbi ya mbali yanafika vizuri, ukishuka bondeni kwenye vijiji vya chini stesheni ile ile inakatika katika. Kabla hujanunua mwambie mtu wa pale pale kijijini akutajie stesheni gani zinaingia bila kukoroma. Mtwara tuna Jamii FM, Masasi kuna Redio Fadhila, za Dar zinazorusha huku nazo zipo, lakini bei ya mnada wa AMCOS za kwenu, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na ratiba ya salfa utaisikia zaidi kwenye redio za hapa hapa.

Na hii habari ya mnada sio mapambo. Mama asiyejua kama mnada umefunguliwa na bei imetoka ngapi ndo anayekamatwa na wa kangomba, anakuja mtu na bakuli lake mwezi wa tisa mama ana shida ya ada, anachukua korosho kwa bei ya kutupa kabla hata hazijafika ghalani. Anayesikia bei anavumilia wiki mbili. Hiyo tofauti ndo sakafu yenyewe kaka yako anayoitafuta.

MtotoWaKitangari

Shikamoo mzee wa Nachingwea, shikamoo mama Likotwa, na wengine wote asanteni sana. Nimesoma yote na nimempigia kaka nikamsomea. Amekubali sakafu isubiri, hasa baada ya kusikia la bomba za umeme kupita chini, alikuwa hajalifikiria.

Bado nina maswali mawili. La kwanza mdogo wangu, nimemwambia TV labda baada ya korosho, amenuna hataki kula. La pili kisima, mbona huyu fundi wa kijijini ananiambia nisubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili nikiwa na pesa kamili nijenge kipya kabisa, anasema cha zamani hakizibiki? Ufa unaanzia juu karibu na mdomo unashuka kama mkono mmoja hivi kwenda chini, sakafu ya kisima naona iko sawa.

FundiChikongola

Asikudanganye. Mwezi wa kumi na mbili mvua imeshaanza, atajengea wapi? Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili inaenda mpaka wa nne. Kisima sa hivi kiko kikavu, ndo wakati wake pekee wa kukishika mpaka mwakani. Ufa wa juu ambao haujafika kwenye sakafu unazibika. Mwambie apanue ufa kwa patasi mpaka afike kwenye simenti ngumu, asipake juu juu, asafishe vumbi lote alowanishe, ajaze kwa simenti yenye mchanga uliochekechwa na dawa ya kuzuia maji, akimaliza apige niru, ile simenti laini ya kusawazishia, ndani yote sio pale kwenye ufa tu. Kisha wamwagie maji asubuhi na jioni wiki nzima wafunike, wakiacha jua likaushe haraka utapasuka tena. Mimi ni fundi umeme ila nimekulia kwenye visima hivyo hivyo, baba yangu ndo ilikuwa kazi yake.

Na angalieni gata. Nyumba nyingi bati ni zuri kisima ni kizuri, ila gata moja fupi upande mmoja wa paa, nusu ya mvua inaanguka uani. Ongeza gata upande wa pili, utashangaa. Na mvua za kwanza msiingize kisimani, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, geuzeni bomba pembeni kwanza.

Laki nane hiyo kwa mpango huu inatosha kisima, gata, kiboksi cha UMETA na redio ya kuchaji, na chenji inabaki.

KijanaWaMangaka

Basi kama kisima hakisubiri mimi sina neno, sikujua la mvua, kwetu Mangaka tunachota mtoni na visima vya pampu. Ila huyo dogo msimwache anune. Huo umeme ukiingia mpe kazi. Pale kijijini watu wanachaji simu kwa jero jero dukani, akiwa na soketi na waya wa vichwa vingi anaweza kuchaji simu za watu, na akipata kompyuta ya mtumba hata mbovu mbovu anawajazia nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Mimi nilianzia hapo. TV atakuja kuinunua yeye mwenyewe, na kifurushi atalipia yeye, hata lile swali la fundi la nani atalipia mwezi wa tatu linakuwa limeisha.

MtotoWaKitangari

Hili la kuchaji simu nimemtumia meseji sasa hivi. Amejibu haraka anauliza soketi ziwe ngapi.

FundiChikongola

Mwambie kiboksi kinatosha kuanzia, aongeze waya wenye swichi na fyuzi, asinunue zile nyembamba za barabarani. Na mita ikifika nipigie picha ukuta kabla hawajagonga.